Kipanya kisicho na mkia kwenye meza ya mhasibu

Mkesha wa tarehe 20 ni usiku ambao watu wa kazi yangu hatulali mapema, kwa sababu tarehe 20 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT za mwezi uliopita, na wateja wangu hapa Moshi, ambao wengi ni wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na pembejeo, wamezoea kuniletea mifuko ya risiti jioni ya tarehe 18. Usiku mmoja wa namna hiyo, mwaka jana, hesabu za mteja mmoja zilikataa kulingana. Nilipitia risiti moja moja kwa saa mbili, nikajumlisha upya, nikatoka nje kupunga upepo, nikarudi, hadi nilipogundua kwamba ankara moja ya saruji mifuko 40 ilikuwa imehifadhiwa mara mbili, kwa namba mbili zinazofuatana, ndani ya sekunde ileile. Mimi nilikuwa nimebonyeza mara moja. Kipanya cha kompyuta ndicho kilichobonyeza mara mbili.

Dalili zilikuwepo tangu miezi kadhaa nyuma, ila sikutaka kuziona. Nilikuwa nikigusa folda mara moja ili niichague, inafunguka. Nilikuwa nikiburuta faili kulipeleka mahali fulani, linadondoka katikati ya safari na kupotelea katika folda nisiyoijua. Niliilaumu kompyuta, nikaulaumu mtandao, na kuna siku niliulaumu mkono wangu mwenyewe, nikidhani umri umeanza kubisha hodi. Asubuhi ile, ritani zilipokwisha kwenda, nilikitia kipanya kwenye mkoba nikakipeleka kwa fundi.

Fundi ninayemtumia ana meza yake kwenye kibaraza cha jengo moja la Double Road, na anatengeneza redio, simu, pasi na chochote kingine chenye skrubu. Alikigeuza kipanya tumbo juu, akabandua kwa ukucha vile vibandiko laini vinavyokisaidia kuteleza, maana skrubu hufichwa chini yake, kisha akakifungua juu ya gazeti. Ndani hamkuwa na mambo mengi: ubao mmoja wa kijani, gurudumu, taa ndogo, na chini ya kila kitufe kisanduku cheusi kinachokaribia ukubwa wa punje ya hindi. Aliking'oa kifuniko cha kisanduku cha kushoto kwa ncha ya kisu, akanipa lenzi. Niliona kibati cha shaba, chembamba kuliko wembe, kilichopindwa mgongo kidogo ili kifanye kazi ya springi, na pale ncha yake inapogusana na chuma cha chini palikuwa na doa jeusi.

"Mama, hiki kimechoka," alisema. "Ukibonyeza kinagusa, kinadunda, kinagusa tena. Kompyuta inahesabu mara mbili."

Baadaye nilisoma na kukuta kwamba fundi alikuwa amesema kweli tupu. Kila swichi ya aina hii hudunda kidogo inapobonyezwa, na vifaa vya elektroniki vilivyomo ndani ya kipanya huwekewa subira ya milisekunde chache kabla ya kuamini kwamba kitufe kimebonyezwa. Kibati kinapolegea na sehemu ya kugusana inapoota kutu, mdundo huwa mrefu kuliko subira hiyo, na hapo bonyezo moja huzaa mawili. Watengenezaji hutaja uhai wa swichi kwa idadi ya mibonyezo, mara nyingi milioni 10 au milioni 20. Hesabu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilizipiga: mibonyezo 5,000 kwa siku, siku 300 za kazi kwa mwaka, ni milioni moja na nusu, hivyo milioni 10 zingenifikisha karibu mwaka wa saba. Changu kilikufa mwaka wa tatu. Namba ile hupatikana kwa mashine inayobonyeza palepale kwa nguvu ileile, wala si kwa kidole cha mtu anayekula andazi huku akisubiri ukurasa ufunguke, katika chumba cha Pasua ambako vumbi la mwezi wa kwanza huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Fundi alikubali kubadili swichi kwa shilingi elfu tano. Nilimwachia, lakini kazi za mezani hazikuweza kumsubiri, na ndivyo nilivyojikuta, kwa mara ya kwanza maishani, nikinunua kipanya kwa kufikiri. Vile vingine vyote nilivinunua kama mtu anunuavyo kiberiti.

Kuhusu jina, nikitaja kipanya mbele ya watu wa rika langu, wengine wanaona kwanza ile Hiace ya abiria tuliyopanda tukiwa tumekunjana kama nguo kwenye sanduku, na huenda ndiyo maana madukani wauzaji wengi husema mausi. Cha kwanza kabisa kilitengenezwa mwaka 1964 huko California, katika taasisi ya utafiti ya Stanford, na Douglas Engelbart pamoja na mhandisi wake Bill English. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili ya chuma tumboni, na dunia ilikiona hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Waya uliotokeza ulifanana na mkia, na jina likanata. Mwaka 1991 Logitech ya Uswisi iliuza kipanya cha mawimbi ya redio, mkia ukakatwa, jina likabaki. Hiki ninachokizungumzia hapa ni hicho cha mkia uliokatwa, tena cha mtu mwenye kompyuta ya mezani isiyohama, kwa sababu anayezunguka na laptopu ana mahitaji yake mengine na ushauri wangu unaweza kumpoteza.

Duka la kwanza nililoingia liko mwendo mfupi kutoka mnara wa saa. Kaunta yake ni ya kioo, na chini ya kioo zimepangwa chaja, flashi na vipanya vya kila rangi.

"Mangi, naomba kujaribu hicho cheusi."

Kijana aliniamkia vizuri, akakitoa kwenye boksi, akachomeka kipokezi kwenye laptopu yake, akakiweka kipanya juu ya kaunta. Mshale haukusogea. Akakisukuma kwa nguvu, mshale ukaruka pembeni ukasimama tena. Bila kushangaa alivuta daftari la madeni, akalilaza juu ya kioo, akakiweka kipanya juu ya jalada lake, na mshale ukatembea kama maji. "Hakipendi kioo, mama," alisema, kana kwamba anazungumzia mtoto anayechagua chakula.

Nilitabasamu, lakini nilikuwa nimepata funzo la bure, kwa sababu meza yangu ya nyumbani nayo ina kioo. Nililiweka bamba hilo miaka mingi iliyopita ili chini yake nipange kalenda, viwango vya kodi na namba za simu za wateja, na kipanya changu cha zamani nilikuwa nikikitembeza juu ya jalada la kaunta buku bila kujiuliza ni kwa nini. Kipanya cha siku hizi hakina mpira tumboni kama vile vya zamani tulivyokuwa tukivifungua na kuvikwangua uchafu. Kina taa na kamera ndogo sana, inayopiga picha za uso wa meza maelfu kwa sekunde, kisha hulinganisha picha moja na iliyofuata ili kujua kimeelekea wapi na kwa kasi gani. Kinategemea mikwaruzo, nyuzi, vinyweleo vya mbao na chembechembe za karatasi. Kioo safi hakina chochote cha kupigwa picha, kwa hiyo kamera inabaki kama mtu aliyesimama kwenye ukungu wa Marangu akiulizwa njia.

Vipo vipanya vinavyoweza kioo. Tangu mwaka 2009 Logitech imekuwa ikitengeneza baadhi vyenye namna nyingine ya kumulika, inayonasa hata chembe za vumbi zisizoonekana kwa macho, na kampuni hiyo inasema vinafanya kazi juu ya kioo chenye unene wa milimita 4 au zaidi. Bei yake, hata hivyo, ni ya kumnunulia mtoto sare za shule na viatu juu. Nilipiga hesabu fupi: mkeka wa kipanya wa kitambaa, wenye mpira chini, uliuzwa shilingi elfu nne. Niliununua hapohapo kabla sijaamua kipanya, na sioni sababu ya mtu yeyote mwenye meza moja isiyohama kufanya vinginevyo.

Kijana alinionyesha boksi jingine lililoandikwa DPI 4000 kwa herufi za rangi ya moto. Hizi ndizo namba zinazouza vipanya, na kwa kazi kama yangu karibu zote ni mapambo. DPI ni idadi ya vidoti ambavyo mshale unasogea mkono ukisogea inchi moja. Skrini yangu ina vidoti 1,920 kwa upana. Kwa kipanya cha DPI 1,000 navuka skrini nzima kwa kusogeza mkono chini kidogo ya sentimita 5, na kwa DPI 4,000 ningeivuka kwa zaidi kidogo ya sentimita moja, yaani kupiga chafya tu kungenitoa kwenye safu ya mauzo kunipeleka kwenye safu ya makato. Mchezaji wa michezo ya kompyuta au mwenye skrini tatu kubwa ana hoja yake. Anayeingiza tarakimu kwenye visanduku vidogo anataka mkono utulie, na DPI 1,000 inamtosha.

Suala lililonipotezea muda mwingi zaidi, na ambalo sikuwahi kusikia muuzaji akilitaja, ni namna kipanya kinavyoongea na kompyuta. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kipokezi, kile kidude cha ukubwa wa ukucha kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Ya pili ni Bluetooth, ambayo haihitaji kidude chochote ilimradi kompyuta yenyewe iwe na Bluetooth. Vipanya vya bei ya juu kidogo huja na zote mbili, na baadhi, kama M720 ya Logitech, hukumbuka kompyuta tatu na kuhama kati yake kwa kubonyeza kitufe.

Bluetooth inavutia kwa sababu haili tundu la USB. Lakini tuseme ukweli kuhusu kompyuta za mezani tulizonazo. Nyingi ni zile zilizotumika maofisini Ulaya zikaletwa kwetu, imara kama jembe la zamani, na nyingi kati ya hizo hazina Bluetooth ndani. Yangu ni mojawapo. Dada mmoja tunayeshirikiana kazi alinunua kipanya cha Bluetooth pekee kwa sababu kilikuwa chembamba na kizuri, akafika nacho ofisini, akakaa nusu siku akitafuta mahali pa kukiunganisha, kisha akarudi mjini kununua kidude cha kuongeza Bluetooth, ambacho nacho kilikula tundu la USB. Jambo la pili ni kwamba kipanya cha Bluetooth kwa kawaida hakiitiki mpaka Windows iwe imeshawaka. Siku mashine inapokataa kuwaka na unahitaji kuingia kwenye mipangilio yake ya ndani, kipanya kimelala usingizi. Cha kipokezi huonekana kwa kompyuta kama kipanya cha waya, hivyo kipo tangu mwanzo.

Nilichagua kipokezi, na kwa wiki mbili nilijuta. Mshale ulikuwa ukitembea vizuri asubuhi nzima, kisha jioni unaanza kukwama na kurukaruka kama gari lenye mafuta machafu. Nilibadili betri. Nilibadili mkeka. Nilikaribia kukirudisha dukani nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Kilichoniokoa ni mazoea ya kuandika saa za matukio, ambayo mhasibu yeyote anayo: nilipoangalia niliyoandika, mshale ulikuwa ukikwama kila siku wakati uleule, nilipochomeka diski ya nje ili kunakili hifadhi ya data za wateja.

Sababu inajulikana, na Intel ilichapisha waraka kuihusu tangu mwaka 2012. Vipokezi vya vipanya karibu vyote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi ya kawaida, na Bluetooth, na jirani yake ni oveni ya maikrowevu. USB 3.0, ile yenye tundu ambalo mara nyingi huwa na ulimi wa buluu, husafirisha data kwa kasi kubwa mno, na katika kufanya hivyo waya wake na kichwa chake hutoa kelele za redio zinazoangukia humohumo. Kipokezi changu nilikuwa nimekichomeka nyuma ya kompyuta, tundu la tatu kutoka kwenye diski ile, na kompyuta yenyewe iko chini ya meza, kwa hiyo sauti dhaifu ya kipanya ilipaswa kupita mbao, kioo na bati la kasha zima, kisha isikike katikati ya kelele. Ni kama kumwita mtu kwa jina lake stendi ya Moshi saa kumi na mbili asubuhi.

Dawa yake ilikuwa waya wa USB wa kurefushia, wa mita moja, wa shilingi elfu tatu. Mwisho mmoja niliuchomeka mbele ya kompyuta kwenye tundu jeusi la USB 2.0, mwisho wa pili nikaupandisha mezani na kuubana kwa utepe nyuma ya skrini, na kipokezi kikakaa hapo, sentimita 40 hivi kutoka kwenye kipanya. Tangu siku hiyo nanakili diski huku nikiendelea na kazi. Sanduku la kipanya linasema mawimbi yanafika mita 10, na sina shaka yanafika, lakini mita 10 za uwanja mtupu si mita moja ya uvunguni mwa meza ya mhasibu. Mtu akiniuliza jambo moja la kufanya kabla hajakitupa kipanya kinachokwama, nitamwambia akilete kipokezi juu ya meza.

Hapohapo kwenye mawimbi kuna suala la usalama, ambalo kwangu si dogo kwa kuwa ninashika siri za watu. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba vipokezi vingi vya vipanya vya wakati huo viliweza kudanganywa na mtu aliye karibu mwenye kifaa cha redio cha bei ndogo, akatuma maagizo kana kwamba ni kibodi ya mwenye kompyuta. Waliuita udhaifu huo MouseJack. Kampuni kubwa zilitoa marekebisho, na Logitech mwaka 2021 ikaleta kipokezi kipya cha Bolt chenye ulinzi mkali zaidi kwa ajili ya maofisi. Sidhani kama kuna mtu anayezunguka Pasua na redio akitafuta hesabu za wauza misumari, lakini nilipoambiwa bei ya kipanya kisicho na jina wala anwani ya mtengenezaji, hili lilinijia kichwani.

Betri. Watu hubishana sana hapa, ingawa kwa meza isiyohama ubishi wenyewe ni mwepesi. Upande mmoja kuna vipanya vyenye betri ya kuchaji ndani, kama MX Master 3S ya Logitech, ambayo kwa maelezo ya mtengenezaji hukaa siku 70 kwa chaji moja. Upande wa pili kuna vinavyotumia betri ya kawaida ya AA, ile ya saa ya ukutani, ambapo M185 ya kampuni hiyohiyo hutajwa kukaa miezi 12 na M330 yake miezi 24 kwa betri moja tu. Dukani kijana alinishauri cha kuchaji kwa hoja kwamba nitaokoa pesa za betri. Betri nzuri ya alkalaini ni chini ya shilingi elfu mbili. Hata kama nitabadili kila mwaka kwa miaka mitano, haifiki elfu kumi, na tofauti ya bei kati ya vipanya hivyo ilizidi kiasi hicho mara nyingi. Tena betri ya kuchaji iliyofungiwa ndani huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na ikichoka fundi wa Double Road huanza kazi, ilhali ile ya AA hubadilishwa hata na mjukuu. Apple wao waliweka tundu la kuchajia tumboni mwa kipanya chao, kwamba kikichajiwa hakitumiki, na mpaka leo sijaelewa walikuwa wanamfikiria nani.

Tahadhari ni moja. Usiweke zile betri za bei rahisi zilizojaa kwenye vibanda vya Mbuyuni, nyepesi na zenye ganda linalobonyea, na usiache betri iliyokwisha ndani ya kipanya kwa miezi. Hutoa majimaji. Shemeji yangu alinionyesha cha kwake: kijumba cha betri kimejaa unga mweupe na springi imekuwa ya kijani. Kama betri ilikuwa ya alkalaini, unga huo huyeyushwa kwa pamba iliyochovywa kwenye siki au maji ya ndimu kidogo, kisha pakaushwe vizuri. Kama chuma chenyewe kimeshaliwa, hakuna ndimu itakayokirudisha. Wenye betri za kuchaji za AA wanaweza kuzitumia pia, ila wajue kwamba hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo taa ya onyo inaweza kuwaka mapema kuliko inavyopaswa.

Nimeuacha mkono hadi sasa, ingawa ndio unaokaa na kitu hiki saa nane kwa siku. Safari ya pili ya kutafuta nilikwenda Arusha, kilomita 80 kwa Coaster, si kwa ajili ya kipanya peke yake, nisije nikaonekana mwendawazimu, bali nilikuwa na mteja Kaloleni. Baada ya kazi nilipita madukani Mtaa wa Sokoine na kuomba kushika kila kilichokuwa nje ya boksi. Kushika tu, dakika mbili mbili, nikiwa nimeegemeza kiwiko kwenye kaunta kama ninavyokaa mezani. Wauzaji wawili walinivumilia. Wa tatu aliniuliza kama nanunua au napima joto.

Nilijifunza kwamba mimi hulaza kiganja chote. Kuna wenye kukunja vidole kama makucha, na kuna wanaokishika kwa ncha tu, kiganja kikiwa hewani. Anayelaza kiganja anahitaji mgongo mrefu wa kujaza mkono, na vile vidogo vya laptopu, ambavyo ndivyo vilivyojaa sokoni kwa sababu ni rahisi, humlazimisha kubana kidole gumba na cha mwisho mchana kutwa. Niliyakumbuka maumivu yangu ya chini ya kidole gumba, ambayo nilikuwa nayapaka dawa ya kuchua tangu Krismasi, nikahisi nimeonyeshwa mkosaji. M185 ni nzuri kwa bei yake lakini mkononi mwangu ilipotea, M330 iliujaza. Nilijaribu pia kile cha wima, ambacho mtu hukishika kana kwamba anasalimiana na meza; kinaulaza mkono kwa mwinamo wa nyuzi 57 na kupunguza kule kupinda kwa mifupa ya mkono wa mbele. Kilinipendeza, na kama maumivu yangu yangekuwa ya kifundo cha mkono, ningekivumilia kwa wiki ya kukizoea. Kwa kuchagua kisanduku kimoja kati ya 300, hata hivyo, mkono wangu ulitangatanga.

Wenye kutumia kushoto wanaonewa. Mpwa wangu ni mmoja wao, na karibu kila kipanya kilichochongwa kufuata kiganja kimechongwa kwa ajili ya mkono wa kulia, hiyo M330 ikiwemo. Vipo vya kushoto, kama M650 ya saizi kubwa iliyotengenezwa makusudi kwa mkono huo, lakini Moshi sikukiona, na Arusha muuzaji aliniambia angekiagiza nikilipa kwanza. Njia ya mkato ni kununua kilicholingana pande zote mbili na kubadilisha vitufe kwenye mipangilio ya Windows.

Kuhusu sauti nitasema kidogo, maana sikuitafuta ila nimeipenda. Swichi za M330 zimetengenezwa kwa kunyamaza, kiasi kwamba siku ya kwanza nilidhani hazibonyezeki. Mama yangu analala chumba cha pili na ukuta wetu ni wa mbao. Kwa miaka mitatu alikuwa akiniuliza kila asubuhi tarehe 20 kama panya wamerudi darini.

M330 ndiyo niliyoinunua, kwa shilingi elfu hamsini na tano, katika duka lililokubali kuniandikia risiti ya EFD na kunipa siku saba za kukirudisha. Bei hiyo ni mara nne ya kile kisicho na jina nilichotajiwa kwanza. Kabla sijaondoka nilifanya kaunta iwe ofisi: nilibonyeza kitufe cha kushoto mara hamsini taratibu kwenye folda ya muuzaji, nikihesabu kwa sauti, nikiangalia kama itafunguka yenyewe, kisha nikaburuta faili kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine bila kuliachia, mara kumi. Watu wawili nyuma yangu walikuwa wakisubiri kununua vocha. Faili halikudondoka hata mara moja.

Kile cha zamani fundi alikimaliza wiki iliyofuata, swichi mpya mahali pa ile iliyochoka, na ni mpwa wangu anayekitumia sasa, kwa kushoto, kwa kuwa umbo lake ni sawa pande zote. Betri ya kipya, kabla ya kuifunga ndani, niliiandikia tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, 3 Februari, ili siku itakapokwisha nijue kama ile miezi 24 ilikuwa ya kweli au ya kwenye boksi.